Krimu Mbili, Dawa Moja? Jinsi Ulinganifu wa Dawa za Kupaka Unavyopimwa

Mtoto mwenye pumu ya ngozi hujikuna usiku kucha. Daktari humwandikia krimu ya steroidi ili kutuliza mwasho na uvimbe, na mzazi wake huichukua karatasi ya daktari hadi duka la dawa. Huko mfamasia humwonyesha tyubu mbili. Zote mbili zimeandikwa jina lile lile la dawa na asilimia ile ile; lakini ya kwanza imetengenezwa na kampuni iliyoivumbua dawa hiyo, nayo ni ghali, ilhali ya pili imetengenezwa na kampuni nyingine na bei yake ni nafuu. Mzazi huuliza swali moja tu: je, hizi ni sawa?

Swali hilo ni fupi, lakini limewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miaka sitini. Ikiwa krimu ya bei nafuu ni dhaifu, mtoto hatapona, na fedha ya mzazi itakuwa imepotea. Ikiwa ni kali kupita kiasi, ngozi ya mtoto yaweza kuwa nyembamba na kuharibika. Na ikiwa ni sawa kabisa, lakini watu wakaiogopa bila sababu, basi familia nyingi zitakosa tiba zinayoimudu. Kwa hiyo hapana budi kupima. Makala haya yanaeleza kwa nini kipimo hicho ni kigumu, na jinsi sayansi ilivyojaribu, ikakosea, ikajisahihisha.

Maana ya ulinganifu

Kampuni inayovumbua dawa mpya hupewa hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake kwa muda maalumu. Muda huo ukiisha, watengenezaji wengine huruhusiwa kuitengeneza. Dawa zao huitwa dawa jeneriki. Mtengenezaji wa dawa jeneriki halazimiki kurudia majaribio yote ya wagonjwa yaliyofanywa na mvumbuzi. Kufanya hivyo kungeongeza gharama bila kuongeza elimu. Yampasa badala yake kuthibitisha kwamba kiambato amilifu cha dawa yake hufika mahali pa kazi mwilini kwa kiasi kile kile na kwa kasi ile ile kama dawa ya asili. Hali hiyo ndiyo inayoitwa ulinganifu wa kibiolojia.

Kwa vidonge, kipimo hiki kinafahamika vizuri. Watu wenye afya waliojitolea humeza kidonge cha asili siku moja, na kidonge jeneriki siku nyingine. Damu yao hutolewa kila baada ya muda fulani, na ukolezi wa dawa huchorwa kwenye grafu. Eneo lililo chini ya mstari wa grafu huonyesha kiasi kilichoingia mwilini, na kilele cha mstari pamoja na saa yake huonyesha kasi ya kuingia. Damu ni shahidi mwema hapa, kwa sababu ndiyo njia ambayo dawa huipita ili kufika mahali pa kazi.

Ama kwa krimu ya ngozi, mambo yamegeuka. Mahali pa kazi ni ngozi yenyewe. Dawa inayoonekana katika damu imekwisha kupita mahali hapo na kuondoka, na kiasi chake aghalabu ni kidogo mno. Kupima damu ili kujua kazi ya krimu ni kama kupima maji yanayotiririka mwisho wa mfereji ili kujua mimea ya shambani imekunywa kiasi gani. Maji mengi mwishoni si dalili ya kwamba shamba limeshiba, wala machache si dalili ya kwamba limekauka.

Ukuta mwembamba

Ngozi ya mtu mzima, ingetandazwa, ingefunika eneo la meta za mraba 1.5 hadi 2. Sehemu inayozuia vitu kuingia si ngozi yote, bali ni tabaka lake la juu kabisa, liitwalo tabaka la pembe. Tabaka hili ni safu zipatazo 15 za seli zilizokufa, zilizojaa keratini, ambayo ni protini ile ile ya kucha na pembe. Unene wake katika sehemu nyingi za mwili ni mikromita 10 hadi 20 tu, yaani haufikii hata robo ya unene wa karatasi ya daftari.

Tabaka hilo hufanana na ukuta wa matofali. Seli zilizokufa ndizo matofali, na mafuta yaliyo katikati yao ndiyo udongo unaoyaunganisha. Molekuli ya dawa hupita hasa katika mafuta hayo, ikizunguka tofali baada ya tofali, hadi kufikia seli hai zilizo chini.

Mwendo huo hufuata kanuni iliyotolewa mwaka 1855 na mwanafiziolojia Adolf Fick. Kwa ngozi, kanuni hiyo yaweza kuandikwa hivi:

J = D × K × C ÷ h

Hapa J ni kiasi cha dawa kinachopita katika eneo fulani kwa muda fulani. D ni wepesi wa molekuli kujongea ndani ya tabaka. K ni kiasi ambacho dawa hupendelea kukaa katika tabaka la pembe kuliko katika krimu. C ni ukolezi wa dawa iliyoyeyuka ndani ya krimu. Na h ni urefu wa njia, ambao hutegemea unene wa tabaka.

Mwanafunzi aitazame kanuni hii kwa makini. Asilimia iliyoandikwa juu ya tyubu inahusika na C tu, tena kwa sehemu, maana dawa isiyoyeyuka ndani ya krimu haihesabiwi katika C. Thamani ya K hutegemea krimu yenyewe imetengenezwa kwa vitu gani. Na h hutegemea mahali krimu inapopakwa.

Mwaka 1967 wanasayansi wawili wa Marekani, Feldmann na Maibach, walionyesha jinsi mahali panavyoleta tofauti. Walipaka haidrokotisoni iliyotiwa alama ya kaboni yenye mnururisho, kisha wakapima kiasi kilichotoka katika mkojo. Dawa iliyopakwa kwenye kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja, ilipenya kwa kiasi cha asilimia 1 tu. Wakilinganisha na kigasha, walikuta kwamba paji la uso lilipitisha dawa mara 6 zaidi, ngozi ya taya mara 13, na ngozi ya mfuko wa korodani mara 42. Wayo wa mguu ulipitisha sehemu moja ya saba tu. Ni dawa ile ile na mtu yule yule, lakini majibu ni tofauti kabisa.

Asilimia si nguvu

Watu wengi huamini kwamba tarakimu kubwa juu ya tyubu ni alama ya dawa kali. Imani hiyo ni ya hatari. Krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 ni miongoni mwa steroidi dhaifu kuliko zote. Krimu ya klobetasoli ya asilimia 0.05, ambayo tarakimu yake ni ndogo mara 20, imo katika kundi la steroidi kali kuliko zote. Wanaotumia mkorogo ili kujichubua hupata madhara makubwa kwa sababu, pamoja na mambo mengine, krimu nyingi za aina hiyo huwa na steroidi kali zilizofichwa nyuma ya tarakimu ndogo, au zisizotajwa kabisa.

Pengine msomaji atasema: haidrokotisoni na klobetasoli ni dawa mbili tofauti, basi si ajabu zikatofautiana. Ni kweli. Lakini upo mfano wa dawa moja. Betamethasoni dipropionati ya asilimia 0.05 hutengenezwa kwa namna mbili. Katika namna ya kawaida imo katika kundi la dawa kali. Katika namna ya pili, ambayo kibebeo chake kimeboreshwa kwa kutiwa propilini glaikoli, dawa hiyo hiyo, kwa asilimia hiyo hiyo, hupanda daraja hadi kundi la zile kali kupita zote. Molekuli haikubadilika. Kilichobadilika ni kibebeo.

Kibebeo ni kila kitu kilichomo katika krimu isipokuwa kiambato amilifu: mafuta, maji, nta, vitu vya kuunganisha mafuta na maji, na vya kuzuia kuoza. Mwanakemia Takeru Higuchi, aliyefundisha Marekani, alieleza jambo hili mnamo mwaka 1960: kinachoisukuma dawa kuingia katika ngozi si wingi wake tu ndani ya krimu, bali ni mwelekeo wake wa kutaka kutoka humo. Kibebeo kinachoipenda dawa mno huishikilia. Kibebeo kilichokwisha kushiba dawa huiachia kwa urahisi.

Hata viungo vikiwa ni vile vile kwa vipimo vile vile, kazi bado haijaisha. Wapishi wawili waweza kupewa unga, mafuta, chumvi na maji kwa vipimo sawa. Mmoja akatoa chapati laini yenye tabaka, na mwingine akatoa chapati ngumu kama ngozi ya ngoma. Tofauti imo katika kukanda, kusubiri na moto. Krimu nayo hutegemea kasi ya kukoroga, mpangilio wa kuchanganya na mwendo wa kupoza. Mambo haya huamua ukubwa wa matone ya mafuta, umbo la fuwele za dawa na unato wa krimu. Ndiyo maana wataalamu wa leo hukagua mambo matatu: kama viungo ni vile vile, kama vipimo vyake ni vile vile, kwa tofauti isiyozidi asilimia 5, na kama mpangilio wa ndani wa krimu ni ule ule.

Ngozi inayopauka

Kipimo cha kwanza kilichofaulu kilitokana na jambo lililoonekana kwa macho. Steroidi za kupaka huibana mishipa midogo ya damu, na ngozi hupauka mahali zilipopakwa. Mwaka 1962 McKenzie na Stoughton walichapisha njia ya kuutumia mpauko huo kulinganisha jinsi steroidi zinavyopenya. Ngozi yenyewe ikawa kifaa cha kupimia: kadiri dawa nyingi zaidi inavyoingia, ndivyo mpauko unavyozidi.

Mwaka 1987 Stoughton huyo huyo alitumia njia hii kulinganisha steroidi jeneriki na zile za asili zilizokuwa zikiuzwa Marekani, akakuta kwamba baadhi yake hazikulingana, ijapokuwa tyubu zilikuwa na jina na asilimia sawa. Mwaka 1995 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa mwongozo rasmi wa kipimo hiki.

Mwongozo huo una somo zuri la kisayansi. Krimu ikiachwa muda mrefu kwenye ngozi, mpauko hufikia kikomo, wala hauongezeki tena hata dawa ikizidi. Hapo krimu kali na krimu dhaifu zaweza kuonekana sawa, kama vile madebe mawili yaliyokwisha kujaa yasivyoweza kuonyesha ni bomba lipi lilitoa maji mengi zaidi. Kwa sababu hiyo hufanywa kwanza jaribio dogo la kutafuta muda unaoleta nusu ya mpauko wa juu kabisa, na ulinganisho hufanywa katika muda huo. Kisha hupimwa kama ngozi ya kila mshiriki yaweza kutofautisha kati ya muda mfupi na muda mrefu wa kupakwa. Asiyeweza kutofautisha hahesabiwi, maana mizani isiyotambua tofauti ya kilo moja na kilo mbili haiwezi kuamua kama magunia mawili ni sawa.

Njia hii ina mipaka miwili. Kwanza, yafaa kwa steroidi tu. Dawa ya fangasi au ya virusi haipaushi ngozi. Pili, mpauko huonekana vizuri katika ngozi nyeupe, na katika ngozi nyeusi melanini huufunika. Kwa hiyo washiriki aghalabu huchaguliwa kati ya watu wenye ngozi nyeupe. Msomaji wa Afrika ana haki ya kuuliza kama majibu hayo yanamhusu. Jibu ni kwamba kinacholinganishwa ni krimu mbili juu ya mikono ya mtu yule yule, si mtu mmoja na mwingine. Hata hivyo, mipaka ya kipimo haina budi kutajwa waziwazi, na ni sababu mojawapo ya kutafuta njia zisizotegemea rangi ya ngozi.

Kwa nini 80 na 125?

Vipimo viwili vya jambo moja havilingani kabisa, hata vikifanywa juu ya krimu moja. Basi ni tofauti ya kiasi gani inayokubalika? Kanuni inayotumika katika nchi nyingi ni kwamba uwiano kati ya dawa jeneriki na dawa ya asili uwe kati ya asilimia 80 na 125.

Wanafunzi wengi hushangaa kwa nini isiwe 80 na 120. Sababu ni ya hesabu. Ikiwa dawa ya kwanza ni asilimia 80 ya dawa ya pili, yaani 4/5, basi dawa ya pili ni 5/4 ya ile ya kwanza, yaani asilimia 125. Mipaka hii miwili ni tofauti ile ile inayotazamwa kutoka pande mbili. Katika logi, 0.80 ni takriban -0.097 na 1.25 ni +0.097; sifuri, yaani usawa kamili, hukaa katikati barabara.

Aidha, haitoshi wastani kuwa ndani ya mipaka hiyo. Hesabu za takwimu hutoa masafa ya uhakika ya asilimia 90, yaani eneo ambamo uwiano wa kweli unatazamiwa kuwamo, na masafa yote hayana budi kukaa kati ya 80 na 125. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, krimu moja ina wastani wa asilimia 96 na masafa ya 88 hadi 105, hiyo imefaulu. Nyingine ina wastani wa 98, ambao ni mzuri zaidi, lakini masafa yake ni 72 hadi 133, hiyo haikufaulu. Wastani wake hauna kasoro, ila ushahidi haujatosha.

Hapa pana kosa linalowanasa hata wasomi. Mtu hulinganisha krimu mbili kwa watu wanane tu, asione tofauti, kisha akatangaza kwamba ni sawa. La hasha. Kutoona tofauti si kuthibitisha usawa, kama vile kutoona mamba katika mto uliochafuka si kuthibitisha kwamba hayumo. Anayedai usawa ndiye mwenye jukumu la kuuthibitisha.

Ushahidi wa wagonjwa

Kwa dawa zisizo steroidi, njia iliyotegemewa kwa miaka mingi ni majaribio ya wagonjwa wenyewe. Mamia ya wagonjwa hugawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza hupewa krimu ya asili, la pili hupewa krimu jeneriki, na la tatu hupewa kibebeo kitupu kisicho na dawa. Krimu zote mbili sharti zishinde kibebeo kitupu, na baada ya hapo hulinganishwa zenyewe kwa zenyewe.

Kundi la tatu ni la lazima, kwa maana bila hilo krimu mbili zisizofaa kitu zingeweza kuonekana sawa kabisa. Lakini njia hii ni ghali, huchukua muda mrefu, na mizani yake haina wepesi. Kibebeo kitupu chenyewe hulainisha ngozi na kuleta nafuu, na wagonjwa hutofautiana sana katika kupona. Pale matokeo yanapohesabiwa kwa idadi ya waliopona, tofauti inayokubalika ni hadi asilimia 20 huku au huku, ambayo ni kubwa. Isitoshe, gharama ya majaribio hayo huwazuia watengenezaji wengi, na mgonjwa hubaki na tyubu moja tu ya bei ya juu.

Njia iliyoondolewa

Mwaka 1998 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa rasimu ya njia nyingine yenye kuvutia. Krimu hupakwa, kisha tabaka la pembe hubanduliwa kidogo kidogo kwa utepe wenye gundi, utepe mmoja baada ya mwingine, na dawa iliyonaswa katika kila utepe hupimwa. Kwa kufanya hivyo saa mbalimbali, mtafiti hupata grafu ya dawa ndani ya ngozi inayofanana na ile ya damu. Ilionekana kwamba tatizo limetatuliwa.

Kabla ya kuikubali njia hiyo, ilijaribiwa kwa jeli za tretinoini, dawa ya chunusi, katika maabara mbili. Jeli zilikuwa zile zile, na njia ilikuwa ile ile kwa jina. Lakini maabara hizo zilifikia majibu yanayopingana. Mwaka 2002 rasimu iliondolewa.

Tukio hilo halikuwa aibu kwa sayansi, bali lilikuwa kazi yake halisi. Kipimo ambacho jibu lake hubadilika mpimaji anapobadilika hakiwezi kuaminiwa kuamua dawa ya mgonjwa, hata kiwe cha werevu namna gani. Mambo yanayoonekana madogo, kama vile eneo gani hasa linabanduliwa, krimu imesambaa kiasi gani pembeni, na mabaki ya juu yamefutwa vipi, yaweza kugeuza jibu. Watafiti waliendelea kuirekebisha njia hiyo, na wengine wakatafuta njia nyingine.

Vyumba viwili vya kioo

Mojawapo ya njia hizo hutumia chombo kilichojulikana tangu mwaka 1975, kiitwacho seli ya Franz, kwa jina la Thomas Franz aliyekitumia kuchunguza upenyaji wa dawa. Ni vyumba viwili vya kioo vilivyotenganishwa na utando. Krimu hupakwa juu ya utando, na chumba cha chini hujazwa kimiminiko kinachokorogwa daima katika nyuzi 32 za Selsiasi, ambazo ni joto la uso wa ngozi. Sampuli hutolewa chini kila baada ya muda na kupimwa dawa.

Utando ukiwa wa kutengenezwa viwandani, kinachopimwa ni jinsi krimu inavyoiachia dawa. Higuchi alikwisha kuonyesha mwaka 1961 kwamba kiasi kinachoachiwa na marhamu huongezeka kwa uwiano wa kipeuo cha pili cha muda. Kwa hiyo mtafiti huchora kiasi cha dawa dhidi ya kipeuo cha pili cha saa, apate mstari ulionyooka, na mwinamo wa mstari huo ndio kasi ya krimu. Seli 6 za krimu moja na 6 za nyingine hutoa uwiano 36 wa minamo. Zikipangwa kutoka ndogo hadi kubwa, ya 8 na ya 29 huwa ndiyo mipaka ya masafa ya uhakika, na sharti ziwe kati ya asilimia 75 na 133.33. Msomaji atatambua hesabu ile ile: 3/4 na 4/3.

Utando ukiwa ni ngozi halisi ya binadamu iliyobaki baada ya upasuaji na kutolewa kwa hiari, kinachopimwa ni kupenya kwenyewe. Katikati ya miaka ya 2010 mamlaka ya Marekani ilianza kukubali vipimo vya maabara vya namna hii kwa krimu ya asiklovia, inayotibu malengelenge ya midomo yaletwayo na virusi, mradi viungo, vipimo na mpangilio wa ndani wa krimu vilingane na vya krimu ya asili.

Asiklovia hiyo ilitumika pia katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 na watafiti wa Graz, Austria. Waliingiza mirija myembamba sana ndani ya ngozi ya watu 20 waliojitolea, wakakusanya kwa saa 36 majimaji ya ngozi yenyewe, mahali pale pale dawa inapofanyia kazi. Kwanza waliilinganisha krimu ya asili na krimu ya asili, nayo ikafaulu, kama inavyopasa. Kisha wakalinganisha krimu nyingine ya asilimia 5 ile ile, lakini yenye kibebeo tofauti, hiyo haikufaulu. Kipimo kikatambua kilicho sawa kuwa ni sawa, na kisichothibitika kuwa sawa kikakikataa. Hiyo ndiyo sifa inayotakiwa kwa mizani yoyote.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuonyesha msingi wa mambo haya kwa vifaa vichache. Gramu 1 ya agari huchemshwa katika mililita 100 za maji, na kumiminwa katika neli mbili za kupimia hadi nusu. Agari ikiganda, juu ya neli ya kwanza huwekwa gramu 2 za glaserini iliyochanganywa na kiasi kidogo cha rangi ya chakula ya unga. Juu ya neli ya pili huwekwa gramu 2 za mafuta ya mgando yenye rangi ile ile kwa kipimo kile kile. Wanafunzi hupima umbali ambao rangi imeshuka ndani ya agari baada ya saa 1, saa 4 na saa 9.

Rangi iliyo katika glaserini itashuka haraka. Iliyo katika mafuta itachelewa au isishuke kabisa, kwa kuwa rangi hiyo huyeyuka katika maji na haina njia ya kutoka katika mafuta. Asilimia ni moja, kibebeo ni tofauti. Katika neli ya kwanza, umbali utakaribia uwiano wa 1, 2 na 3, ambavyo ni vipeuo vya pili vya 1, 4 na 9. Darasa moja likipata jibu na darasa jingine likapata jibu jingine, huo nao ni wakati wa kuuliza: ni nini tulichofanya tofauti?

Jibu la mzazi

Katika Afrika Mashariki, kazi ya kukagua ushahidi wa dawa kabla hazijauzwa ni ya mamlaka za serikali, kama vile Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba nchini Tanzania, na Bodi ya Famasia na Sumu nchini Kenya. Tangu mwaka 2012 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekuwa na mpango wa kuoanisha taratibu zao za kusajili dawa. Kazi hiyo haiishii kwenye karatasi za usajili. Krimu iliyolingana na ya asili ilipotoka kiwandani yaweza kuharibika ikianikwa juani kwenye kibanda cha bati. Mafuta na maji yakitengana, mpangilio wa ndani uliopimwa haupo tena.

Basi mzazi yule ajibiwe nini? Ajibiwe kwamba jina na asilimia peke yake havithibitishi kuwa krimu mbili ni sawa, wala bei ya chini haithibitishi kuwa si sawa. Kinachothibitisha ni kipimo kilichofanywa kwa njia inayoweza kutambua tofauti, kikakaguliwa na mamlaka. Krimu jeneriki iliyosajiliwa, iliyotunzwa vizuri, na iliyonunuliwa katika duka la dawa lenye kibali, aweza kuichukua bila hofu, akampaka mtoto wake mahali na kwa muda daktari alioagiza. Fedha iliyobaki itamnunulia mtoto mahitaji mengine, na mtoto atalala.